Sifongo Hii au Sifongo Huyu?

Katika mwaka wangu wa kwanza wa ualimu niliingia darasani mjini Garissa nikiwa nimeshika dodoki mkononi. Somo la siku hiyo lilihusu wanyama wa daraja la chini kabisa, na kitabu chetu kilianza na sifongo. Mimi ni mtu wa bara, na siku hizo bahari nilikuwa sijaiona ila katika picha. Nilijua tu kwamba sifongo hutumika kuogea na kwamba imejaa matundu. Na dodoki nililolinunua sokoni lilikuwa vivyo hivyo. Basi nikaliinua juu wote walione, nikasema kwa sauti ya mtu mwenye hakika, "Tazameni, hii ndiyo sifongo. Huyu ni mnyama."

Kijana mmoja, ambaye jamaa zake walikuwa na shamba kando ya mto Tana, akanyosha mkono. "Mwalimu," akasema, "mnyama huyo kwetu hutambaa juu ya ua, na huchanua maua ya manjano."

Darasa zima likaangua kicheko. Nami, kwa kuwa nilikuwa kijana na mwenye kuona haya, nilimwambia akae chini na asiniletee mzaha. Katika mtihani wa mwisho wa muhula, wanafunzi kadhaa waliandika kwamba sifongo ni mnyama mwenye mbegu nyeusi. Walikuwa wameniamini mimi kuliko kijana yule aliyesema kweli. Habari ninazokuandikia hapa, msomaji, ndizo nilizopaswa kuwaeleza siku ile.

Kwanza tuyatenge majina. Dodoki ni tunda la mmea utambaao. Likikauka na kumenywa ganda hubaki wavu wa nyuzi ngumu, nao ndio tunaojisugulia mwili. Sponji ya godoro hutengenezwa kiwandani, wala haikupata kuwa na uhai. Sifongo ya kweli hutoka baharini, na ile unayoiona bafuni, laini na nyepesi, ni kiunzi tu kilichobaki baada ya kiumbe chenyewe kufa na nyama yake kuoza na kuoshwa.

Lakini kosa langu halikuwa dodoki peke yake. Rudia maneno yangu utazame: nilisema "hii", na papo hapo nikasema "huyu". Kiswahili hakimpi msemaji nafasi ya kukwepa jambo hili. Ukitaka kusema lolote juu ya kitu, lazima kwanza uamue ni cha ngeli gani: sifongo hii imekua, au sifongo huyu amekua? Nao wataalamu wa viumbe, wanapoandika kwa Kiswahili, wamelichukua neno hilohilo la sarufi wakalitumia kwa makundi ya wanyama na mimea: himaya, kisha faila, kisha ngeli, hata kufika kwenye spishi. Basi swali la "hii au huyu" si la mwalimu wa lugha tu. Watu wenye akili nyingi walilihangaikia kwa zaidi ya miaka elfu mbili.

Wa kwanza tunayemjua vizuri ni Aristotle, Mgiriki wa karne ya nne kabla ya Kristo. Katika nchi yake walikuwapo wapiga mbizi walioishi kwa kazi ya kung'oa sifongo miambani, na askari walizitia ndani ya kofia zao za chuma ili zipunguze nguvu ya mapigo. Aristotle alisikia kwa wapiga mbizi kwamba sifongo, ikihisi kuwa inataka kung'olewa, hujikaza na kuwa ngumu kutoka. Kitu kisicho na hisia kingejikazaje? Akaona kwamba ina dalili za mnyama, ingawa kwa jumla imefanana mno na mmea. Yafaa kukumbuka kwamba ushahidi wake ulitoka kwa watu waliokuwa wakizamia, wala si kwa waliokaa juu ya sitaha wakingoja kuletewa.

Baada yake elimu hii ilirudi nyuma. John Gerard, Mwingereza aliyeandika kitabu kikubwa cha mimea mwaka 1597, alisema sifongo hutokana na povu la bahari. Hata Linnaeus wa Sweden, aliyetufundisha sote kumpa kila kiumbe majina mawili ya Kilatini, mwaka 1759 aliiweka sifongo katika juzuu ya mimea, pamoja na mwani. Hatuwezi kumlaumu sana. Sifongo haina kichwa wala mkia. Haitembei. Ukiikata haitoi damu wala sauti. Mfugaji wa huku kwetu, anayejua mnyama kuwa ni kile kinachopotea usiku na kutafutwa alfajiri, angesema vilevile.

Mwaka 1765 John Ellis, mfanyabiashara wa vitambaa wa London aliyependa kuchunguza vitu vya pwani, aliandika kwamba ameona maji yakiingia na kutoka katika matundu ya sifongo hai. Linnaeus alikubali kusahihishwa, na katika chapa ya mwaka 1767 akaihamishia kwa wanyama. Hata hivyo wengi walibaki na shaka, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameonyesha maji hayo yanaingilia wapi, yanatokea wapi, na husukumwa na nini.

Aliyelifuata jambo hilo mpaka mwisho ni Robert Grant, daktari wa Edinburgh. Kati ya mwaka 1825 na 1827 alizoea kushuka ufukoni, akaokota sifongo hai na kuziweka katika maji ya bahari nyumbani kwake. Siku moja alitia kipande kidogo katika kioo cha saa chenye maji, akakiweka chini ya hadubini na kulielekeza jicho kwenye tundu moja kubwa. Akaona kijito cha maji kikibubujika kutoka katika tundu lile bila kukoma, kikirusha nje vipande vidogo vya takataka. Alitazama mpaka macho yakachoka, na kijito hakikusimama. Alijaribu tena kwa sifongo za aina nyingine, na kwa vipande vya ukubwa mbalimbali. Kila mara jibu lilikuwa moja: maji huingia kwa vitundu vidogo visivyohesabika vilivyotapakaa ngozi nzima, na hutoka kwa matundu makubwa machache. Hayakurudi kamwe kwa njia yaliyoingilia.

Grant aliona na jambo la pili, ambalo mimi hulipenda zaidi. Sifongo huzaa watoto wadogo mno wenye vinywele mwilini, nao huogelea huku na huko kwa vinywele hivyo kabla ya kupata mwamba wa kushikamana nao maisha yao yote. Kumbe kiumbe hiki huanza maisha kama mhamaji na kuyamaliza kama mkazi wa mji! Wakati huo alikuwapo Edinburgh mwanafunzi kijana aliyekuwa akifuatana na Grant ufukoni kutafuta viumbe. Jina lake ni Charles Darwin. Mwaka 1836 Grant alilipa kundi hili jina la Porifera, yaani wenye kuchukua vitundu, na mpaka leo ndilo jina la faila yao. Tazama kwamba hakuwaita kwa umbo lao wala kwa rangi, bali kwa njia ya maji.

Kwa hiyo tangu hapa, msomaji, nitasema sifongo huyu.

Sifongo huyu ana mwili wa namna gani? Hana mdomo, hana tumbo, hana moyo, hana neva wala ubongo. Kwa nje amefunikwa na tabaka moja la seli bapa kama vigae. Ndani, kuna mashimo yaliyopangwa seli za ajabu zenye kola. Kila seli ya kola ina mjeledi mmoja mwembamba, na kuuzunguka mjeledi huo kuna ua wa vijiti laini, mfano wa boma dogo. Mjeledi hupigapiga na kuyasukuma maji. Boma hunasa bakteria na chembe nyingine za chakula zilizomo. Baina ya tabaka la nje na la ndani kuna ute mzito, na katika ute huo hutembea seli nyingine zisizo na umbo maalumu. Hizo ndizo matarishi wa nyumba. Hupokea chakula kutoka kwa seli za kola na kukipeleka kwa wengine, na ikihitajika hujigeuza kuwa seli za aina nyingine. Maji yaliyokwisha kuchujwa hukusanyika na kutoka kwa tundu kubwa liitwalo oskulamu, yakichukua taka pamoja nayo.

Kazi hiyo si ndogo. George Bidder, Mwingereza aliyetumia miaka mingi kuwachunguza sifongo, alipima mmoja aitwaye Leuconia, mwenye urefu wa sentimita 10 na unene wa sentimita 1 tu, yaani kama kidole kirefu. Ndani yake alikadiria vyumba vya seli za kola zaidi ya milioni mbili, na kwa siku moja kiumbe huyo hupitisha maji lita 22 na nusu. Debe la mafuta tunalochotea maji hujaa kwa lita 20 au pungufu. Wewe uliyewahi kuchota maji ya Tana wakati wa mvua, yakiwa mekundu kama chai ya maziwa, ukayatilia shabu na kungoja yatulie, utaelewa kwa nini ninamheshimu mnyama huyu mwenye ukubwa wa kidole anayechuja debe zima kila siku bila kungoja.

Ernst Haeckel, Mjerumani, katika kitabu chake cha mwaka 1872 juu ya sifongo wa chokaa, alionyesha kwamba miili yao imejengwa kwa ramani tatu. Ya kwanza ni askoni: kifuko kimoja chenye ukuta mwembamba na uwazi katikati, kama kibanda cha mhamaji chenye chumba kimoja na tundu la moshi juu. Sifongo wa namna hii hawezi kuwa mkubwa, kwa sababu akipanuka uwazi wa katikati huzidi nguvu za seli zinazosukuma maji. Ya pili ni sikoni, ambayo ukuta wake umekunjwakunjwa ili seli za kola zipate nafasi zaidi. Ya tatu ni leukoni. Hapo uwazi mmoja umepotea kabisa, na mahali pake pana vyumba vidogo maelfu kwa maelfu vilivyounganishwa kwa vichochoro, mfano wa mji wa Lamu uliobanana. Sifongo wakubwa walio wengi ni wa ramani hii. Usidhani, hata hivyo, kwamba ramani hizi ni ngeli. Wanafunzi wengi hukosea hapo, maana ramani moja yaweza kuonekana katika ngeli zaidi ya moja.

Ngeli zenyewe hutambulikana hasa kwa kiunzi. Ndani ya ute wa sifongo walio wengi mna miiba midogo iitwayo spikuli, na miiba hiyo ndiyo inayomfanya asianguke kama uji. Sifongo wa ngeli ya Kalkarea wana spikuli za chokaa. Wa ngeli ya Heksaktinelida wana spikuli za silika, ambayo ni asili moja na kioo, zenye ncha sita. Hao huishi hasa katika vilindi vya bahari. Meli ya Challenger, iliyozunguka bahari za dunia kuanzia mwaka 1872 hadi 1876, ilileta wengi wao, na Franz Eilhard Schulze akawaeleza katika ripoti ya mwaka 1887. Mmoja wao huitwa kikapu cha maua cha Venus. Ndani ya wavu wake wa kioo huingia kamba wawili wadogo, dume na jike; wakikua hawawezi kutoka tena, nao huishi humo mpaka kufa. Ngeli kubwa kuliko zote ni Demospongia, ambayo ina zaidi ya robo tatu ya spishi zote, na spishi zilizokwisha kuelezwa zinapita 9,000. Humo wamo wenye spikuli za silika, na wamo wasio na spikuli kabisa ila nyuzi laini za sponjini. Sifongo wa kuogea ni wa kundi hilo la mwisho. Angekuwa na spikuli tungetoka bafuni tumechubuka. Ngeli ya nne, Homoskleromorfa, ilitengwa rasmi kutoka Demospongia mwaka 2012, kwa hiyo usishangae ukikuta vitabu vya zamani vikitaja tatu tu.

Je, ubishi ulikwisha kwa Grant? La. Mwaka 1867 Mmarekani Henry James-Clark aliona kwamba seli za kola za sifongo zafanana mno na viumbe fulani wa seli moja waishio peke yao majini. Pakatokea waliosema kwamba sifongo si mnyama mmoja, bali ni umati wa viumbe wadogo waliojenga pamoja. Mwaka 1907 H. V. Wilson, huko huko Marekani, alichukua sifongo hai, akamkamua kupitia kitambaa chembamba cha hariri mpaka akawa wingu la seli zilizotawanyika katika chombo cha maji. Seli zikaanza kutambaa. Zikatafutana na kushikana, zikajipanga upya, nje kwa nje na kola kwa kola, na baada ya siku kadhaa wakawapo sifongo wapya wenye vyumba na matundu yao. Umati wa wageni usingeweza kujua mahali pa kila mmoja. Leo wataalamu wanakubali kwamba sifongo ni mnyama wa kweli, na kwamba ukoo wake ni wa kale sana, ingawa wangali wakibishana kama ndio ukoo wa kwanza kabisa kujitenga na wanyama wengine.

Habari hizi nyingi ni za Ulaya na Marekani, na huenda ukauliza kama kwetu hakukuwa na sifongo. Walikuwapo, na walichukuliwa. Mwaka 1897 Robert von Lendenfeld alichapisha kwa Kijerumani maelezo ya sifongo wa Zanzibar. Mwaka 1901 na 1902 Cyril Crossland alikusanya viumbe wa bahari Zanzibar na katika pwani ya Kenya ya leo, na mwaka 1908 C. F. Jenkin akawaeleza sifongo wa chokaa waliotoka katika mkusanyo huo. Sidhani Crossland alijipigia makasia mwenyewe. Lakini majina yaliyobaki katika Kilatini si ya mabaharia. Hata maji yasiyo na chumvi yana sifongo wake: mwaka 1899 zilielezwa spishi mbili za Ziwa Tanganyika. Sifongo wengi wa maji hayo hutengeneza vibumba vidogo vyenye ganda gumu, na maji yakikauka mzazi hufa, lakini vibumba hustahimili ukavu mpaka maji yarudipo. Sisi tunaokaa karibu na malaga, ambayo ni mito ya mchanga miezi mingi ya mwaka, hatuhitaji kuelezwa faida yake.

Na ile nguvu ya kipande kukua na kuwa sifongo mzima sasa imekuwa kazi ya mikono. Katika kijiji cha Jambiani, upande wa mashariki wa kisiwa cha Unguja, tangu mwaka 2009 ulianza ufugaji wa sifongo wa kuogea. Wanawake, ambao baadhi yao walikuwa wakilima mwani, hukata vipande vidogo, huvitunga katika kamba baharini, huvisafisha na kungoja mpaka vikue, kisha huuza. Nilipofika pwani kwa mara ya kwanza nilinunua sifongo mmoja. Nilipomshika nilikumbuka dodoki langu, na uso ukanipata moto.

Bahari imetuacha mbali, msomaji wa Garissa, Wajir na Mandera, lakini haikuwa hivyo siku zote. Katika kipindi kiitwacho Jurasiki, ambacho kilianza yapata miaka milioni 201 iliyopita na kwisha miaka milioni 145 iliyopita, maji ya bahari yalifunika nchi ya Mandera. Wajuzi wa miamba waliopima nchi hiyo katika miaka ya 1950 waliandika habari za mawe ya chokaa yaliyotandazwa na bahari hiyo, ambayo ndani yake mna makombe na matumbawe yaliyogeuka mawe. Wakati uleule, mahali ambapo leo ni kusini mwa Ujerumani, sifongo walijenga miamba mikubwa sana chini ya bahari, na leo miamba hiyo ni vilima vinavyolishiwa kondoo.

Siku hizi ninafundisha watakaokuwa walimu. Muhula uliopita, baada ya likizo, mmoja wao aliyetoka upande wa Rhamu aliniletea jiwe la rangi ya majivu, na ndani ya jiwe kombe lenye mistari, kamili kama lililokufa jana. Alilitia mezani, akaanza kuwaeleza wenzake alipoliokota, kisha akasita katikati ya sentensi.

"Mwalimu," akauliza, "niseme jiwe hili, au mnyama huyu?"

Darasa likagawanyika pande mbili, kila upande na hoja zake, mpaka kengele ikalia. Safari hii sikumwambia mtu akae chini.